Baba Yetu Moja kwa Kila Gurudumu

Wiki iliyopita mwalimu mmoja kijana wa hapa Kathonzweni alisimamisha gari mbele ya ua wangu, akashuka na simu mkononi, akaniambia kama nyanya yake, "Susu, hii gari inaruka ruka kama mbuzi. Nimeweka fifty kila tairi na bado." Nikamuuliza hiyo hamsini ameitoa wapi. Akainama, akanionyesha maandishi madogo kwenye ubavu wa tairi. Nilicheka mpaka meno yangu ya kuazima yakataka kutoka. Hiyo namba, wajukuu zangu, ni ya mwisho kabisa ambayo tairi inaweza kuvumilia. Ni sawa na kuambiwa kwamba tumbo lako linaweza kubeba sahani sita za muthokoi. Hakuna aliyekuambia ule sita kila siku.

Tulingoja tairi zipoe, tukatoa upepo mpaka thelathini, akaondoka akiwa anatabasamu, na mimi nikabaki barazani nikiwafikiria ninyi nyote mnaonunua magari yaliyowazidi umri. Naitwa Ndunge. Nilifanya kazi ya tairi miaka mingi, kwanza Kitui mjini, halafu hapa kwenye kituo cha mafuta, mpaka magoti yakaomba kustaafu kabla yangu. Wengi sokoni bado wananiita Mama Upepo, na siwakatazi.

Gari kuukuu lina mambo yake. Ile karatasi ya namba za upepo inayobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva labda imefutika, au fundi wa rangi aliipitia na brashi. Hata ukiikuta, iliandikiwa tairi ambazo gari lilitoka nazo kiwandani, siyo hizo nne za koo nne tofauti ulizofunga wewe. Na iliandikiwa gari lisilobeba magunia ya pojo. Kwa hiyo anza na namba ya mlangoni kama ipo, halafu lisikilize gari lenyewe. Usukani ukiwa mzito, upepo wa mbele ni mdogo. Gari likidunda kwenye kila kokoto, umezidisha. Ukipakia mzigo, ongeza nyuma. Na spea pia ipime, kwa sababu spea isiyo na upepo ni mzigo tu.

Haya yote nilifunzwa na Mzee Athmani wa Kitui mjini, Mwislamu ambaye babu yake alipanda kutoka pwani kuuza nguo akasahau kurudi. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, changu kimejaa Kikamba, na hata hivyo alinichukua kwenye kibanda chake wakati watu walikuwa wanamuuliza msichana anatafuta nini kwenye tairi. Siku yangu ya tatu nilikuwa najaza gurudumu la mkokoteni huku nikipiga hadithi na muuza maembe, nikasahau mpira kwenye valvu. Lilipasuka kwa mlio mkubwa hivi kwamba mwanamke mmoja ng'ambo ya barabara alilala chini na karai lake la mayai. Mzee Athmani alitoka taratibu, akaniangalia, akasema, "Binti, mdomo na mkono havifanyi kazi pamoja. Chagua kimoja." Nilichagua mkono kwa muda wa wiki moja hivi.

Alinifunza chaki. Gari likiwa na tairi ambazo hazina namba ya kuaminika, chora mstari wa chaki kukata uso wa tairi toka ukingo mpaka ukingo, kisha dereva aende mbele mita chache kwenye lami. Chaki ikifutika katikati peke yake, upepo umezidi. Ikifutika pembeni na katikati ikabaki, upepo haujatosha. Ikifutika yote sawasawa, nenda zako. Nimewaona vijana wenye geji za betri wakinicheka kwa chaki yangu, halafu wakanirudia mwezi unaofuata na tairi zilizolika katikati.

Lakini somo kubwa la Mzee Athmani lilikuwa hili: pima tairi ikiwa baridi. Asubuhi, kabla gari halijaenda popote. "Hewa ikipata joto huvimba," alikuwa akisema, "na geji ya mchana ni shahidi aliyehongwa." Ukipima gari lililotoka mbali kwenye jua, utaona namba kubwa, utaogopa, utatoa upepo. Usiku tairi itapoa, na asubuhi utaamka na tairi legevu. Kwa hiyo tairi ya moto usiitoe upepo. Aliniambia hivyo labda mara mia moja. Mkumbuke kwamba niliambiwa, maana karibu mtaona nilichofanya.

Kulikuwa na jambo jingine, na hili hamtalikuta kwenye simu. Mito yetu, mnaijua, karibu mwaka mzima ni mchanga. Gari zito likivuka na tairi ngumu, linazama. Lazima upunguze upepo ili tairi ikanyage kwa upana, kisha ujaze tena ng'ambo. Lakini ukizidisha kupunguza, tairi inalala kabisa, na gari lenye mzigo linakalia mchanga kwa tumbo. Zamani dereva mwenye geji yake alikuwa nadra, basi Mzee Athmani alikuwa na kipimo chake. Alibonyeza ule msumari mdogo wa katikati ya valvu na kusoma Alhamdu moja, polepole, akaachilia. "Hiyo ni sita," alisema, na tukipima ilikuwa imeshuka sita. Mimi nikamwambia Alhamdu siijui, mimi ni mtoto wa kanisa. "Basi soma chako." Nikasoma Baba Yetu, mwanzo mpaka amina, geji ikaonyesha sita. Mzee alifurahi sana. Alisema hapo Mungu ametupa spana moja.

Tangu siku hiyo kila dereva aliyekuwa anaelekea mtoni nilimwambia: Baba Yetu moja kwa kila gurudumu. Wakatoliki, Waprotestanti, hata mlevi mmoja wa Matiliku aliyeijua nusu tu na akavuka vizuri kwa kuisoma mara mbili.

Sasa nije kwa Pasta Nzioka.

Wakati huo nilikuwa nimehamia kituo cha mafuta hapa Kathonzweni, na nilikuwa nimependana na Mulwa, fundi seremala, kijana mpole mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Babake alikuwa ameshafariki, hivyo mjomba wake, Pasta Nzioka, ndiye aliyekuwa msemaji wa jamaa yao. Walipanga kuja kwetu siku ya Jumamosi kuleta mbuzi wa ntheo, wale wa kuposea. Kwa sisi Wakamba, mnajua, unaweza kufanya harusi ya keki ya ghorofa saba, lakini bila mbuzi wa ntheo bado unahesabiwa umeazimwa tu. Nilikuwa nasubiri siku hiyo kwa hamu, mpaka Mulwa aliponiambia jambo kwa sauti ya chini, akiangalia viatu.

"Uncle anasema akileta mbuzi, ataomba uache hii kazi. Ati bibi ya kwetu hawezi chutama kwa tairi barabarani."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sina shida. Lakini ni yeye ataongea, na babako anaweza kubali."

Nilijua babangu angekubali mbio. Kazi yangu ilikuwa inamwaibisha kanisani. Sikulala vizuri wiki hiyo. Nilitaka vitu viwili duniani, Mulwa na kompresa, na niliona Jumamosi nitanyang'anywa kimoja.

Ijumaa saa tisa mchana, nikiwa tayari nimevua ovaroli ili niende nyumbani ng'ambo ya mto kusaidia mapishi, Pasta Nzioka mwenyewe akaingia kituoni. Alikuwa ametoka Kibwezi na lile gari lake refu la zamani, la safu tatu za viti, safu ya mwisho imeng'olewa kubeba spika za kanisa. Jua lilikuwa linachoma mpaka lami inanata. Akashuka, akanisalimu kwa heshima ndogo kuliko kawaida, akasema, "Nitazamie upepo, kesho tuko na safari. Unajua ni ya wapi."

Niliona nafasi yangu. Nikasema moyoni, leo atajua mimi ni fundi. Nikachutama na geji: thelathini na sita, magurudumu yote manne. Karatasi ya mlangoni ilisoma ishirini na nane. Nikashtuka kwa madaha, nikatikisa kichwa mbele yake, nikaanza kutoa.

"Kwani unatoa ama unaweka?" akauliza.

"Natoa, Pasta. Nani alikujazia hivi? Ungepasuka njiani."

Tairi zilikuwa zinaunguza vidole vyangu. Vidole vilijua. Mzee Athmani angenipiga kofi la kichwa. Lakini nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani na haraka kubwa zaidi ya kusifiwa, nikateremsha zote mpaka ishirini na nane, moto vile vile, na sikufikiria hata kidogo kwamba kesho gari litabeba wazee sita na mbuzi watatu. Halafu, kwa maringo, nikamwambia habari ya mto: aanze na gurudumu la mbele kulia, abonyeze valvu, Baba Yetu moja kwa kila gurudumu, na akifika ng'ambo nitamjazia kwa pampu ya mguu.

"Baba Yetu," alisema Pasta, na nikaona uso wake umelainika. "Hiyo naiweza."

Jumamosi, saa nne, hawajafika. Saa tano, hawajafika. Babangu alikuwa na wazee wake chini ya turubai, na kila alipoangalia jua aliliangalia kama mtu anayesoma hukumu. Mamangu aliondoa sufuria motoni mara mbili. Ilipokaribia saa sita, babangu akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mtu anayechelewa kuleta mbuzi atachelewa kuleta chakula. Jua likipita hapa katikati, hawa watu waambiwe warudi nao." Nilikuwa nyuma ya jikoni, nimevaa gauni jipya la maua, nimefichwa kama inavyopasa.

Ndipo akafika jirani yetu Mama Kioko na mtungi, akitoka kuchota maji kwenye visima vya mchanga. Alikuwa anacheka hata maji yanamwagika.

"Wageni wenu wako mtoni, wamezama. Na pasta bado anaomba!"

Sikungoja kuruhusiwa. Nilichukua pampu ya mguu na geji yangu, nikapita nyuma ya zizi, nikakimbia na gauni langu.

Gari lilikuwa katikati ya mto, tumbo juu ya mchanga. Wazee sita walikuwa wamekaa kivulini wakinusa tumbaku. Mbuzi mmoja alikuwa ametoa kichwa dirishani. Mulwa alikuwa anachimba kwa mikono. Na Pasta Nzioka alikuwa amepiga magoti kwenye gurudumu la nyuma kushoto, koti limelowa jasho, akiliangalia kwa huzuni.

"Pasta," nikasema, "ulisoma Baba Yetu ngapi?"

"Moja," akasema. "Kama ulivyosema."

"Moja tu?"

Mzee mmoja kivulini akasema, "Mwambie ukweli, Pasta."

Ukweli ulikuwa hivi. Gurudumu la kwanza, la mbele kulia, alisoma Baba Yetu kama nilivyomwagiza, akaachilia. La pili, alipofika kwenye mkate wa kila siku, roho ikamgusa akaongeza maombi kwa ajili ya serikali. La tatu aliombea jamaa ya bibi harusi, mmoja mmoja kwa jina. Na la nne, kidole bado kiko kwenye valvu, aliombea mvua. Ninyi ni watu wa Ukambani. Mnajua mchungaji akianza kuombea mvua huwa anamaliza saa ngapi.

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye mchanga. Mulwa alicheka. Wazee waliomba kuhadithiwa tena. Kisha nikashika geji nianze kazi, nikaanzia mbele kulia, lile gurudumu la Baba Yetu moja safi.

Kumi na sita.

Nikapima tena. Kumi na sita. Ishirini na nane ukitoa sita ni ishirini na mbili. Hata mtoto wa darasa la pili anajua. Zile sita nyingine hazikutolewa na maombi ya mtu yeyote. Zilitoka kwangu, Ijumaa, nilipotoa upepo kwenye tairi ya moto. Usiku zikapoa, zikashuka. Hata kama Pasta angeomba kama bubu, gari lile na mzigo ule lingezama. Kicheko kilinikauka mdomoni. Nikaangalia kando: hakuna aliyeiona geji isipokuwa mimi. Nikairudisha mfukoni, nikaanza kupampu.

Kupampu magurudumu manne kwa mguu, ndani ya mchanga, ukivaa gauni, si mchezo. Niliweka ishirini kwanza ili tutoke, tukasukuma, na ng'ambo nikaongeza mpaka thelathini mbele na thelathini na nne nyuma kwa ajili ya wazee na mbuzi. Mulwa alinipokea zamu. Njia nzima wazee walimcheka Pasta. Tulipofika nyumbani jua lilikuwa limepita katikati kidogo, lakini hadithi iliingia chini ya turubai kabla ya mbuzi, na babangu alicheka mpaka akasahau kukasirika. Kila mzee alipompitia Pasta alimwambia, "Utuombee, lakini usishike kitu." Naye alikuwa anatabasamu kwa shida, anafuta miwani ambayo haikuwa chafu.

Chakula cha kwanza kikaliwa. Pasta akasimama kusema.

"Tumekuja na mbuzi watatu," alisema, "na ombi moja. Kama ilivyo desturi, tunataka msichana wetu apumzike na hii kazi ya magari. Tutamtafutia kazi nyingine ya heshima."

Babangu aliitikia kwa kichwa kabla sentensi haijaisha. Halafu, kwa kuwa kwetu msichana huulizwa mbele ya watu kama mbuzi waliwe, yaani kama amekubali kuolewa, nikaitwa.

"Ndunge," akasema babangu, "mbuzi waliwe?"

Nilitakiwa kusema neno moja. Niliwaza: nikinyamaza, Pasta atachekwa maisha yake yote, na mimi nitaachishwa kazi nikiwa na jina zuri. Nikisema, nitaachishwa kazi kwa haki kabisa, na labda mbuzi warudi. Lakini nilimwona yule mtu mzima anafuta miwani, na nikashindwa.

"Waliwe," nikasema. "Lakini Pasta asichekwe. Kosa la kwanza ni langu. Jana nilitoa upepo tairi zikiwa za moto. Nilijua haifai, nilifunzwa, nikafanya kwa maringo. Hiyo gari ilikuwa imepungukiwa sita kabla Pasta hajafungua mdomo."

Mamangu alijifunika uso na leso.

"Ngoja," alisema Pasta. "Kwa hivyo maombi yangu hayakuwa marefu?"

"Yalikuwa marefu, Pasta. Lakini hata yangekuwa mafupi ungezama."

"Na kama ungenyamaza, nani angejua?"

"Hakuna. Geji ilikuwa mfukoni mwangu."

Mzee mmoja wa upande wao akadakia, "Si umesikia? Ndiyo maana tunasema hiyo kazi aache. Ameharibu gari!"

Pasta Nzioka aliifuta miwani mara ya mwisho. Kisha akaivaa.

"Mkimtoa huyu," alisema polepole, "pale kituoni wataniwekea mwingine. Huyo mwingine bado hajakosea. Atakuja kukosea na gari yangu. Huyu amekosea tayari, na amesema." Akamgeukia babangu. "Ombi tumeliondoa. Tuchinje."

Mulwa alinishika mkono mbele ya wazee, jambo ambalo halifai, na hakuna aliyemkemea.

Jumatatu iliyofuata nilifika kituoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado uko kwenye vilima. Juu ya mteremko, kutoka nyumbani kwa Pasta, nilisikia vishindo na pumzi za watu. Lile gari refu lilikuwa linakuja taratibu, injini imezimwa, wanakwaya wanne wanalisukuma, na Pasta Nzioka mwenyewe kwenye usukani, kichwa nje ya dirisha.

"Usiguse kitu kabla hujapima!" alinipigia kelele. "Nimekuletea tairi zikiwa baridi!"